Nafsi Inayokaa Mwishoni mwa Kitenzi

Katika neno "ninasema", nafsi hutangulia: ukisikia ni- tu, umeshajua msemaji anajitaja mwenyewe. Kihispania nacho huibeba nafsi ndani ya kitenzi, ila huiweka mwishoni.

Chukua hablar, yaani kusema. Ondoa -ar, unabaki na habl-. Sasa pachika viambishi vya wakati uliopo: hablo (ninasema), hablas (unasema), habla (anasema), hablamos (tunasema), habláis (mnasema), hablan (wanasema). Vitenzi vya -er, kama comer (kula), hubadili irabu: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vya -ir, kama vivir (kuishi), hufuata njia ya comer isipokuwa mahali pawili: vivimos na vivís.

Katika maumbo haya hakuna kiambishi cha wakati kinachojitegemea kama -na- yetu. Kile kile cha mwisho hubeba nafsi na wakati kwa pamoja, na mkazo nao una kazi yake. Ukikaza silabi ya kwanza, hablo ni "ninasema". Ukikaza ya mwisho, habló ni "alisema".

Viambishi hivi ni urithi wa Kilatini, kilichokuwa na -o, -s, -t, -mus, -tis na -nt. Katika karne nyingi za matumizi, -t ya mwisho ilidondoka, -mus ikawa -mos, na -tis ikapungua hadi -is. Makundi manne ya vitenzi vya Kilatini yakabaki matatu.

Kwa kuwa kitenzi kinamtaja mtendaji, kiwakilishi yo (mimi) si lazima. Anayesema "yo hablo" kwa kawaida anatia msisitizo, sawa na Mswahili anayesema "mimi ninasema". Mwanafunzi anayeanza kila sentensi kwa yo huonekana kama anajisukuma mbele.

Lakini je, kiambishi kikichakaa? Katika visiwa vya Karibi, kama Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, -s ya mwisho mara nyingi hulegea au hupotea, hivyo hablas na habla husikika karibu sawa. Huko huko wasemaji hutaja viwakilishi mara nyingi zaidi kuliko, kwa mfano, watu wa Meksiko. Wanaisimu bado wanabishana kama jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Kifaransa, ndugu wa Kihispania, kimekwenda mbali zaidi. Parle, parles na parlent huandikwa tofauti lakini hutamkwa sawa, na kiwakilishi kimekuwa cha lazima. Karibi haijafika huko: -o, -mos na -n bado zinasikika, na maadamu zinasikika, sentensi nyingi zitaendelea kusimama bila yo.