Jina Moja, Sayari Mbili: Majina ya Sayari kwa Kiswahili na Anga la Arusha

1.0 Utangulizi

Katika jiji la Arusha na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, sayari moja hutajwa kwa majina kadhaa. Waarusha wanaozungumza Kimaa huiita Kileken. Kwa Kiswahili ni Zuhura, ingawa wengi huijua kama nyota ya alfajiri au nyota ya jioni. Mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza, ambako masomo ya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, hukutana nayo tena kwa jina la Venus. Ni rahisi kudhani kuwa wingi huo wa majina ndio unaomkanganya mwanafunzi. Makala haya yanaonesha kuwa tatizo liko kwingine. Majina mengi yanayorejelea kitu kimoja hayazuii maarifa. Kinachoyazuia ni jina moja kurejelea vitu viwili, na hali hiyo imejitokeza katika orodha ya sayari inayofundishwa kwa Kiswahili.

2.0 Kileken, Zuhura na Venus

Zuhura huzunguka Jua ndani ya njia ya Dunia. Kwa sababu hiyo, mtazamaji aliye duniani haioni ikiachana na Jua kwa zaidi ya nyuzi 47 hivi. Huonekana magharibi baada ya Jua kutua, hupotea kwa muda, kisha huibuka mashariki kabla ya Jua kuchomoza. Kwa wakazi wa Ngaramtoni na Olmotonyi, kusini magharibi mwa Mlima Meru, mlima huo huziba sehemu ya upeo wa kaskazini mashariki. Hivyo, katika vipindi ambavyo Zuhura huchomoza upande huo, huchelewa kuonekana hadi ipande juu ya bega la mlima.

Masimulizi ya Kimaa yanaifafanua hali hiyo kwa njia yake. Mwandishi Tololwa M. Mollel, mzaliwa wa Arusha, aliyasimulia upya katika kitabu cha watoto cha The Orphan Boy (1990). Kileken ni mtoto yatima anayeamka alfajiri kupeleka ng'ombe malishoni na kurejea jioni wakati wa kukamua. Ufafanuzi huo haukusudiwi kuwa wa kisayansi, lakini umebeba utambuzi muhimu: nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni kitu kimoja. Kwa hiyo, mtoto wa Kiarusha anayefika shuleni akiwa na jina Kileken ana msingi tayari. Kazi ya mwalimu ni kumwambia kwamba Kileken ndiyo Zuhura, na baadaye kwamba Zuhura ndiyo Venus. Hakuna anachohitaji kukisahau ili ajifunze kipya.

3.0 Chanzo cha Mkanganyiko

Sayari tano huonekana kwa macho bila chombo chochote, nazo zilijulikana tangu kale. Kupitia elimu ya falaki ya Kiarabu, Kiswahili kilipata majina yake: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Uranus iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781, Neptuni ilionwa Berlin mwaka 1846, na Pluto iligunduliwa mwaka 1930. Zote tatu zilipatikana kwa darubini. Ni wazi basi kwamba falaki ya kale haikuwa na majina ya magimba hayo.

Hata hivyo, orodha iliyoenea katika baadhi ya vitabu vya shule za msingi nchini Tanzania hutaja Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi na Utaridi. Katika orodha hiyo, Sarateni ni sayari ya sita, Zohali ni Uranus, Kausi ni Neptuni na Utaridi ni Pluto. Makosa matatu ya aina tofauti yanajitokeza.

Kwanza, Zebaki ni jina la metali. Katika Kiarabu, metali hiyo na sayari iliyo karibu zaidi na Jua zina majina tofauti. Kiingereza ndicho kinachotumia neno Mercury kwa vyote viwili. Matumizi ya Zebaki kama jina la sayari yanaashiria kuwa tafsiri ilipitia Kiingereza, ilhali jina Utaridi lilikuwapo. Pili, Sarateni na Kausi si sayari bali ni buruji; Sarateni ni Kaa, na Kausi ni Mshale, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya upinde. Tatu, Zohali na Utaridi yamehamishwa kutoka sayari zilizokuwa nayo na kupewa magimba ambayo watu wa kale hawakuyatambua kuwa sayari.

4.0 Uzito wa Makosa

Makosa hayo hayalingani kwa madhara. Mwalimu akiiita sayari ya sita Sarateni, wanafunzi bado wataelewana kuhusu gimba linalozungumziwa, kwa kuwa hakuna sayari nyingine yenye jina hilo. Zohali ni suala tofauti. Kitabu kimoja kitasema kuwa Zohali huzunguka Jua kwa takribani miaka 29 na nusu. Kingine kitasema miaka 84. Kila kimoja ni sahihi kwa sayari kinayoikusudia, lakini mwanafunzi anayesoma vyote viwili hana njia ya kulitambua hilo, wala msahihishaji wa mtihani hawezi kujua jibu lipi limekosewa.

Anga la Arusha linaweza kutumika kama kipimo. Jiji hilo liko takribani nyuzi 3.4 kusini mwa Ikweta, hivyo sayari hupita juu sana angani. Mwanafunzi akiambiwa aitafute Zohali usiku, na jina likiwa na maana yake ya asili, ataiona kwa macho, na kwa darubini ndogo ataziona pete zake. Jina hilo likimaanisha Uranus, atatazama bila kuona kitu cha kumsaidia, kwa kuwa Uranus iko kwenye ukingo kabisa wa uwezo wa jicho. Somo ambalo lingethibitishwa uwanjani mwa shule hugeuka kuwa la kukariri.

5.0 Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, pamoja na waandaaji wa vitabu, wana msingi wa kusawazisha majina haya bila kubuni mapya. Utaridi na Zohali yarejeshwe kwa sayari zake. Zebaki ibaki kwa metali. Sarateni na Kausi yabaki kwa buruji. Na Uranus, Neptuni na Pluto yatumike kama maneno ya mkopo. Huenda ikahojiwa kuwa walimu wamekwisha kuizoea orodha ya sasa. Hoja hiyo ina uzito kwa Sarateni, linaloweza kutajwa kwa muda kama kisawe. Haina uzito kwa Zohali na Utaridi, kwa sababu mazoea hayawezi kulifanya jina moja lielekeze mahali pamoja wakati limefungwa kwenye magimba mawili. Kileken, Zuhura na Venus yanaweza kuishi pamoja katika darasa moja la Arusha. Zohali mbili haziwezi.