Je, Wajua? Taya la Mtoto Huzaliwa Vipande Viwili

Nusu mbili za taya la chini la mtoto mchanga hukutana katikati ya kidevu, lakini anapozaliwa huwa bado hazijashikana kuwa mfupa mmoja. Huungana ndani ya mwaka wake wa kwanza.

Ujenzi wenyewe huanza mapema mno. Wiki chache tu baada ya mimba kutungwa, kila upande wa uso unaochipuka huota ufito wa gegedu, uitwao gegedu la Meckel kwa jina la Johann Friedrich Meckel, mwanaanatomia Mjerumani aliyelieleza mwaka 1820. Ungedhani gegedu hilo ndilo litakalogeuka kuwa taya, kama inavyokuwa kwa mfupa wa paja. Sivyo. Kwenye wiki ya 6 hivi, mfupa huanza kujijenga kando yake, ndani ya tishu laini, na sehemu kubwa ya gegedu hutoweka polepole. Katika mwili mzima, ni mtulinga pekee unaotangulia kuwa mfupa.

La kustaajabisha zaidi ni ncha ya nyuma ya gegedu hilo. Hiyo haipotei: huwa nyundo na fuawe, vijifupa viwili vya sikio la kati vinavyopitisha sauti.

Taya likichelewa kukua tumboni, ulimi hukosa nafasi ya kushuka na huweza kuzuia kaakaa lisifunge. Mtoto huzaliwa na kidevu kidogo, pengine na kaakaa lenye ufa, na mara nyingi wauguzi humlaza kifudifudi ili ulimi usizibe njia ya hewa.