Kidonge cha Mgongo na Moyo wa Mama

Huko Sori, kando ya Ziwa Viktoria, kina mama huinama kutwa wakianika omena, kisha hubeba magunia kwenda sokoni. Mgongo ukilalamika, dukani kuna diklofenaki. Nasi wa pwani tusiwacheke. Wangapi kati yetu huiweka mkobani kama peremende?

Dawa hii huzuia kimeng'enya kinachozalisha kemikali za maumivu na uvimbe. Lakini kimeng'enya hicho hicho huuwezesha mwili kutengeneza prostasiklini, ambayo hutanua mishipa na kuzuia damu isigande. Ikipungua, damu huganda kwa wepesi zaidi; figo nazo hubakiza chumvi na maji, presha ikapanda. Kwa sababu hiyo, mwaka 2013, Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri diklofenaki isitumiwe na wenye maradhi ya moyo wala waliowahi kupatwa na kiharusi. Hatari huzidi kadiri dozi na siku zinavyozidi.

Je, mlonge na rozela, zenye antioksidanti, hazitukingi? Baadhi ya dondoo za mimea zimepunguza madhara ya dawa hii kwa panya wa maabara. Panya, dada yangu, si mama mwenye presha. Mboga tule, ni neema, ila tusizifanye ruhusa ya kumeza zaidi.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwambie mfamasia kabla ya kununua, na aulize kama parasetamoli itamtosha. Kifua kikibana, pumzi ikikatika au upande mmoja ukilegea, apelekwe hospitali saa ile ile.