Mtoto Aliyezaliwa na Miguu Iliyoungana: Haki Zake katika Sharia

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), anayetusawiri matumboni mwa mama zetu kwa namna atakayo. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Suala la mtoto mchanga mwenye maumbile yasiyo ya kawaida halimfikii imamu mara kwa mara, lakini likifika huwa ni usiku, maiti imo ndani na watu wamesimama mlangoni wakisubiri jibu. Mimi lilinikuta katika kijiji kimoja cha Bunda. Mtoto alikuwa amelia mara mbili, akaishi kiasi cha saa moja, akafariki. Miguu yake ilikuwa imeshikana tangu mapajani hadi kwenye vifundo. Bibi mmoja alisema, "Shehe, huyu si mtu, ni samaki," akataka azikwe nyuma ya nyumba kabla hakujapambazuka, bila jina wala sala. Mjomba wake mtoto akauliza kama yafaa kuitenganisha ile miguu kwa kisu ili azikwe kama binadamu. Baba alikuwa kimya. Nakiri kwamba swali la mjomba sikuwa nimelitarajia.

Hali hii madaktari huiita sirenomelia. Ni nadra mno. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika vizazi 60,000 hadi 100,000. Huanza katika wiki za mwanzo za mimba, pengine mama mwenyewe hajajijua kuwa ni mjamzito. Maelezo mojawapo ya wataalamu ni kwamba mshipa wa damu uendao kwenye kondo hutoka mahali pasipo pake, ukachukua damu iliyostahili kulisha sehemu ya chini ya mwili. Kinachomuua mtoto kwa kawaida si ile miguu. Mara nyingi figo hazipo au hazifanyi kazi, njia ya haja kubwa imeziba, na sehemu za siri hazionekani. Wapo wachache, huko Marekani na Peru, walioishi miaka kadhaa baada ya kupasuliwa, kwa kuwa walijaaliwa figo inayofanya kazi.

Kisukari cha mama kimeonekana kuhusiana na baadhi ya kesi, lakini nyingi hazina sababu inayojulikana. Basi anayesema mama amerogwa, au alimtazama samaki wa ziwani akiwa mjamzito, amesema asilolijua. Na mume anayemtaliki mkewe kwa sababu hiyo amemdhulumu.

Tuje kwenye hukumu. Mtoto aliyelia, au akapumua, au ikaonekana kwake harakati yenye kuthibitisha uhai, huyo ni maiti kama maiti wengine: ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa na kuzikwa makaburini pamoja na Waislamu. Umbo halibadilishi kitu. Amezaliwa na mwanadamu, naye ni mwanadamu. Akitoka bila dalili yoyote ya uhai, naye amekwishatimiza miezi minne, mashuhuri kwa Mashafii ni kuoshwa, kukafiniwa na kuzikwa bila ya kuswaliwa, na kwa Imamu Ahmad huswaliwa pia. Katika wanazuoni wa Kishafii waliokuja baadaye wamo waliosema kuwa aliyetimiza miezi sita huswaliwa hata kama hakulia. Imamu asigombane na wafiwa katika jambo hili.

Kutenganisha miguu haijuzu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Sanda itafunika hivyo hivyo alivyo. Hakuna sharti kwamba miguu ionekane miwili. Nami naongeza jambo ambalo mashehe wetu wa zamani hawakulihitaji: simu zizimwe. Picha ya mtoto wa namna hii ikitoka Bunda asubuhi, adhuhuri imekwishafika Musoma na Butiama, na mama yake bado kitandani. Maiti husitiriwa, hatangazwi.

Wengi hukwama kwenye jinsia. Sehemu za siri hazionekani, basi nani amuoshe, na aitwe nani? Kuosha ni jepesi: mtoto mdogo kiasi hicho huoshwa na mwanamume au mwanamke. Kuhusu jina, Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H) ameeleza katika Al-Adhkar kwamba asiyejulikana kuwa ni mume au mke hupewa jina linalofaa kwa wote wawili, akataja mfano wa Talha, Asma na Hind. Kwetu sisi Nuru au Baraka latosha. Akika pia haiondoki kwa kuwa amefariki kabla ya siku ya saba, na mbuzi mmoja anatosha kupata asili ya sunna.

Mirathi ndiyo inayosahauliwa kabisa. Ikiwa baba alifariki mimba ikiwa tumboni, kisha mtoto akazaliwa akalia, amekwisharithi, na fungu lake linakwenda kwa warithi wake, mama akiwemo. Jinsia isipojulikana, Mashafii humpa kila mrithi kile kilicho cha yakini na kukisimamisha kilichobaki mpaka ibainike au warithi wasuluhishane. Kumzika kimyakimya nyuma ya nyumba, kama alivyotaka yule bibi, kunaweza kumnyima mjane haki yake.

Hata hivyo, ulemavu wa miguu tunaoukuta mara nyingi zaidi ni mguu kifundo, nyayo zilizopinda kwa ndani, ambao humpata kadiri ya mtoto mmoja katika kila 1,000. Kwa Kiarabu upindaji huu huitwa hanaf. Aliyekuwa nao ni al-Ahnaf bin Qays, bwana wa Banu Tamim kule Basra katika karne ya kwanza Hijria. Al-Ahnaf ni lakabu ya miguu yake. Waarabu walimfanya kipimo cha upole na busara, na hakuna aliyesema kwamba nyayo zake zilimpunguzia uongozi.

Tofauti ni kwamba leo al-Ahnaf angetibiwa. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na kufariki mwaka 2009, aliasisi njia ya kuinyoosha nyayo taratibu kwa plasta ngumu (hogo) inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hukatwa kidogo mshipa wa kisigino, kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, mwanzo mchana na usiku, baadaye usiku tu, mpaka miaka minne au mitano. Wazazi wengi huchoka kwenye viatu, wanaona mguu umekwishanyooka, wanaviacha, na mguu unarudi kupinda. Matibabu huanza vizuri katika wiki za mwanzo za uhai, mifupa ikiwa bado laini. Imamu anayeitwa kuadhinia mtoto kwenye sikio basi na amtazame miguu, na akiona nyayo zimepinda amwambie baba ampeleke hospitali ya mkoa Musoma, ambako ataelekezwa, ikibidi hadi Bugando, Mwanza. Asisubiri arubaini.

Wallahu a'lam.