Moja hadi saba

Mwaka jana shefu wetu, katika ofisi moja ya hapa Mulongwe, Uvira, alinituma nipime wafanyakazi wanavyoipenda kazi yao. Nikafungua daftari la mahudhurio: hakuna anayekosa, hakuna anayechelewa. Nikadhani nimemaliza. Lakini hapa Uvira, anayeacha kazi ya mshahara anakwenda wapi? Labda ashuke Kalundu kuomba nafasi kwenye mtumbwi wa ndagala.

Wataalamu wawili wa Kanada, Natalie Allen na John Meyer, walilichambua jambo hili mwaka 1990. Mtu hubaki kazini kwa sababu anataka, au kwa sababu hana pa kwenda, au kwa sababu anaona ana deni. Kila sababu wakaitungia sentensi nane. Anayekataa kabisa huweka 1, anayekubali kabisa huweka 7. Baadhi ya sentensi husema kinyume makusudi, ili anayejaza 7 kila mahali aumbuke. Alama za sentensi hizo hugeuzwa kabla ya kujumlisha. Wastani wa zile nane za “anataka” ndio hupima moyo.

Nikazitafsiri sentensi hizo, nikawagawia wafanyakazi. Ile ya kujiona mmoja wa familia hapo kazini ilinishinda. Kwetu shefu ni baba, dereva ni kaka, na msiba wa mmoja ni wa ofisi nzima. Wote waliandika 7, hata yule niliyejua anatafuta nafasi Bujumbura. Tena karatasi zilikuwa na majina (kosa langu mwenyewe): nani amwandikie shefu 2? Nikarudia bila majina, katoni ikawekwa mlangoni, na ile sentensi ya familia nikaibadilisha: ukisikia mtu sokoni anaisema vibaya ofisi hii, inakuuma? Hapo alama zikatawanyika, toka 1 mpaka 7, na shefu akaziangalia muda mrefu bila kusema neno.

Karatasi moja iliyobaki nikampelekea mzee wangu nyumbani. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kiliba hadi kiliposimama mwaka 1996, vita vilipoingia. Akavaa miwani, akajibu kama mtu aliyetoka zamu asubuhi ile. Kwenye sentensi za kukosa pa kwenda aliandika 1, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ile ya kuumia akasimamisha kalamu.

“Mama,” akaniuliza, “namba zenu zinaishia hapa kwenye saba?”