Ufunguo wa Sanduku Usiende Kazini

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mabwana mnaovaa sare, ukurasa wa leo unawahusu kuliko mnavyodhani. Askari hupewa uhamisho au zamu ya usiku pasipo kuulizwa kama mkewe ana mimba ya miezi minane. Kwa hiyo yafaa mahali pa kujifungulia pazungumzwe nyumbani mapema, tena waziwazi.

Hapa Busia kuvuka mpaka ni jambo la kila siku. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili, na bodaboda zilianzia huku katika miaka ya 1960, zikiwa baiskeli za kupeleka watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili. Mama wa Uganda aweza kuhudhuria kliniki Kenya, na wa Kenya akaja Uganda, kwa ajili ya ukaribu, gharama au sifa za mkunga fulani. Uganda ilifuta ada katika hospitali za serikali mwaka 2001. Kenya ilifuta ada ya kujifungua mwaka 2013, ila tangu Oktoba 2024 kumekuwa na mfumo mpya wa bima unaotaka mtu awe amejiandikisha. Si ajabu basi wengi wakichagua kwa kupima mfuko. Hata hivyo liko swali la kutangulia fedha: je, pale pana chumba cha upasuaji, na pana damu?

Mdogo wangu, mke wa polisi, alihudhuria kliniki ng'ambo ya mpaka kwa sababu aliweza kwenda kwa miguu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mwezi Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa wasafiri kwa sababu ya korona, na upande wa Uganda magari yakakatazwa kubeba watu bila kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. (Baadaye waja wazito waliruhusiwa kusafiri bila kibali hicho.) Uchungu ulimjia mapema Aprili, usiku. Mumewe alikuwa lindoni. Daftari la kliniki, lenye vipimo vyote na kundi la damu, lilikuwa katika sanduku la bati, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mume!

Tulikwenda kituo cha jirani, mimi nikimshika mkono. Mkunga alipoliona kovu hakumgusa kwa dawa yoyote. Alitafuta gari la wagonjwa ili apelekwe hospitali. Tuliingoja saa tatu. Alipasuliwa alfajiri akapata binti. Mpaka leo siwezi kuzisimulia saa zile tatu bila mikono kutetemeka.

Upande wa Uganda, kituo cha afya cha daraja la tatu huzalisha mama asiye na matatizo. Cha daraja la nne kimekusudiwa kupasua na kuongeza damu. Nasema kimekusudiwa, maana chumba cha upasuaji kisicho na daktari usiku ni chumba tu, nendeni mkaulize. Hospitali zipo Tororo mjini na Masafu, na Busia ya Kenya ina hospitali ya rufaa ya kaunti. Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu au aliyevuja damu nyingi uzazi uliopita aelekee huko tangu mwanzo. Anayevuja damu baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili.

Kliniki yenyewe ianze mimba ikiwa changa; tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mahudhurio manane. Kwetu, ambako malaria ni nyingi, mama hulala ndani ya chandarua na kumeza Fansidar kliniki tangu mwezi wa nne, isipokuwa yule anayetumia Septrini kila siku. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, damu ikitoka, au mtoto akiacha kucheza, asingoje siku ya kliniki.

Glavu, wembe mpya, uzi wa kitovu, plastiki ya kulalia, pamba, sabuni na nguo za mtoto ziwekwe tayari kufikia mwezi wa saba. Nauli iwe mkononi mwa mama, na jirani mmoja mwenye pikipiki aambiwe mapema.

Mdogo wangu amezaa tena tangu wakati ule. Safari hiyo daftari lilikaa katika mkoba nyuma ya mlango, pamoja na nauli, na lile sanduku la bati sasa linahifadhi mahindi.