LIKIZO YA ZIWANI: TUCHAGUE UFUKWE UPI?



Kila mwaka miezi ya kiangazi ikikaribia, swali moja huzunguka karakanani na kwenye foleni ya mshahara: likizo yangu nitaipeleka wapi? Wengi hujibu upesi: "Nitaiuza." Maana yake mtu anabaki kwenye mashine, anapokea fedha badala ya siku zake za kupumzika, na mwaka unaofuata anauanza akiwa na uchovu ule ule. Wengine huchukua siku zao, au konji kama tunavyosema hapa Bujumbura, lakini huzimaliza kwa kufyatua matofali na kuhudhuria misiba. Wachache sana hulifikiria ziwa. Na ziwa lenyewe si la mbali. Kutoka Zone Industrielle hadi bandarini ni mwendo wa miguu tu.

Makala hii inataka kumsaidia mfanyakazi mwenye siku chache na fedha chache kuchagua mahali pa kuipeleka familia yake kando ya maji. Ukichagua vizuri, hata siku moja inatosha kurudisha nguvu. Ukichagua vibaya, unapoteza fedha, na pengine unapoteza mtu.

LIKIZO HAIUZWI

Kwanza tukumbushane haki yenyewe. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 52 kuhusu likizo ya mwaka yenye malipo. Mwaka huo huo wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, walipata kwa sheria wiki mbili za likizo ya malipo. Mwaka 1948 Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, katika kifungu cha 24, lilisema kila mtu ana haki ya kupumzika na kupata likizo yenye malipo. Mwaka 1970 ukaja Mkataba namba 132, ambao unataja wiki tatu kwa mwaka kuwa kiwango cha chini.

Mikataba hiyo miwili ya kazi ina neno moja ambalo kila mfanyakazi angelishika: mapatano ya kumfanya mtu aiache likizo yake ya chini hayana nguvu. Waliyoiandika walijua kwamba mtu mwenye shida atauza hata usingizi wake. Kwa hiyo kabla ya kukubali fedha badala ya siku, mwone mjumbe wako wa chama, msome pamoja sheria ya kazi na mkataba wako.

WENZETU WA BALTIKI WALIFANYAJE?

Kaskazini ya Ulaya kuna Bahari ya Baltiki. Maji yake yana chumvi kidogo, hayapwi wala kujaa kwa kiasi cha kuonekana, na hata wakati wa joto ni baridi kuliko ziwa letu. Hata hivyo, mamilioni ya wafanyakazi wamepumzika huko.

Katika Ujerumani ya Mashariki, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoitwa FDGB lilianzisha huduma yake ya likizo mwaka 1947. Lilikuwa na nyumba za mapumziko pwani, kwa mfano katika kisiwa cha Rügen na mji wa Kühlungsborn. Nafasi ziligawiwa viwandani kwa njia ya chama, na mfanyakazi alilipa sehemu ndogo tu ya gharama. Mshona nguo na mchomelea vyuma waliweza kulala kando ya bahari pamoja na watoto wao.

Lakini tusifiche upande wa pili. Mwaka 1953 serikali ya huko ilinyang'anya hoteli na nyumba za wageni kwa mamia katika pwani hiyo, na wenye mali wengi wakatiwa gerezani. Baadhi ya nyumba hizo ndizo zilizopewa huduma ya likizo. Tena mfanyakazi hakuchagua sana. Nafasi za pwani katika miezi ya joto zilikuwa chache kuliko walioziomba, na mtu aliyepata alikwenda alikopangiwa. Mwaka 1990 FDGB ilivunjwa na mpango huo ukaisha. Leo pwani ile ile iko wazi kwa kila mtu, ila anayechagua ni mfuko wake.

Kuna mafundisho mawili hapa. La kwanza, gharama ya mapumziko hupungua watu wakiibeba pamoja. La pili, mfanyakazi mwenyewe ndiye anayejua familia yake inahitaji nini, kwa hiyo uchaguzi uwe wake. Basi turudi kwetu tujifunze kuchagua.

FUKWE ZA KASKAZINI NA FUKWE ZA KUSINI

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake kinapita mita 1,400. Katika maziwa yote ya dunia, ni Baikal tu la Urusi linalolizidi kina. Burundi imepata kona ya kaskazini mashariki, na katika kona hiyo kuna fukwe za aina mbili.

Za kaskazini ni zile za upande wa barabara ya Uvira: Saga Plage, Kajaga, mpaka karibu na Gatumba. Hapa mto Rusizi umemwaga mchanga na tope kwa karne nyingi, ndiyo maana nchi ni tambarare na maji huongezeka kina polepole. Faida yake ni ukaribu. Nauli ni ndogo, mchanga ni mpana, na jioni unaona milima ya Uvira ng'ambo. Hasara yake ni kwamba maji mara nyingi si maangavu, na wanyama wa Rusizi, yaani viboko na mamba, wako jirani.

Za kusini zinafuata barabara ya Rumonge. Unapita Mugere, kama kilomita 10 kutoka mjini, penye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliofika pande hizi mwezi wa Novemba 1871. Kisha Kabezi, Magara, Minago ya wavuvi, Resha, hadi Rumonge penye michikichi, zaidi ya kilomita 70 kutoka Bujumbura. Nyanza-Lac iko zaidi ya kilomita 120. Huku milima inashuka karibu kabisa na maji. Maji ni maangavu zaidi na makelele ni machache. Lakini palipo na mlima mkali juu, mara nyingi na chini ya maji ni vivyo hivyo: hatua chache tu, na mguu haugusi tena chini. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, maji maangavu ya namna hiyo ni hatari kuliko maji ya tope yasiyofika kifuani.

Kwa hiyo hakuna ufukwe ulio bora kwa watu wote. Kijana asiye na mke anaweza kufuata uzuri wa Resha. Mama mwenye watoto wanne atatazama kwanza kina cha maji na kivuli. Mwenzetu wa mashamba ya chai ya Teza, ambaye safari ya kushuka Bujumbura peke yake imekwisha kumla fedha, atafanya vyema kubaki karibu na mji. Na mwenzetu wa michikichi ya Rumonge hana haja ya kupanda gari. Ziwa liko mlangoni pake.

MASWALI MATANO KABLA YA KUONDOKA

1. Nauli yote ni kiasi gani? Wengi huhesabu nauli ya kwenda wakasahau ya kurudi. Familia ya watu watano wanaolipa ni nauli kumi kamili, kabla hujanunua hata chupa moja ya maji. Petroli inapoadimika, kama tulivyoona miaka hii ya karibuni, nauli ya asubuhi inaweza isiwe nauli ya jioni. Fedha ya kurudi ifungwe kando, isiguswe.

2. Pale pana kiingilio? Sehemu nyingi za ukingo zimeshikwa na hoteli na baa. Nyingine hazidai kiingilio lakini zinataka ununue kwao, na haziruhusu chakula cha nyumbani. Uliza mapema. Sufuria ya wali na ndagala uliyoibeba toka nyumbani isije ikarudishwa langoni, ukalazimika kununua mukeke wa kuchoma kwa bei ya wageni.

3. Maji yanatoka wapi? Sisi wa Zone Industrielle hatuhitaji kufundishwa kwamba maji machafu ya viwanda na ya mitaa, yakiachwa, huteremka ziwani kwa mifereji na kwa mito kama Ntahangwa. Usichague mahali karibu na mdomo wa mto au mfereji wa mji, hasa baada ya mvua. Na maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa. Kipindupindu kimewahi kuipiga miji ya ukingoni zaidi ya mara moja.

4. Pana majani majini? Palipotulia, penye matete na majani, ndipo konokono wa kichocho wanapokaa. Vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, tangu saa nne hadi saa nane mchana. Chagua mahali pa mchanga panapopigwa na mawimbi. Hata hapo huna hakika kamili. Mtu akiona damu chooni au tumbo likimsumbua wiki kadhaa baadaye, aende kituo cha afya aseme wazi kwamba aliogelea ziwani. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

5. Ufukwe bado upo? Swali hili si mzaha. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi maji hupanda. Yalipanda sana mwaka 1964. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika Gatumba na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa liliingia katika nyumba na hoteli za ukingoni. Mahali ulipocheza mpira miaka michache nyuma panaweza kuwa majini leo. Barabara nayo ina mambo yake: mwezi wa Machi 2015 maporomoko ya Gitaza yaliifukia na kuikata njia ya Rumonge. Ndiyo maana kiangazi, kuanzia Juni, ni wakati mzuri zaidi wa safari ya kusini. Lakini fahamu kwamba kiangazi ndicho chenye upepo wa kusini unaoinua mawimbi.

KIBOKO HANA MZAHA

Watu wa mjini wamezoea kuwaona viboko kutoka ukingoni hata wakadhani wamefugwa. Sivyo. Kiboko hutoka majini jua likizama kwenda kula majani, na mtu aliyesimama kati yake na maji yuko katika hatari kubwa. Mamba naye hatangazi ujio wake. Jina la Gustave, mamba mkubwa wa Rusizi, limefika hata nchi za mbali, lakini mamba asiye na jina huuma vile vile.

Basi shikeni haya. Wote watoke majini kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Waulizeni wavuvi wa pale pale, maana wao ndio wanaojua mnyama ameonekana wapi juzi. Kila kundi la watoto liwe na mtu mzima mmoja asiyekunywa pombe, asiye na kazi nyingine ila kuwahesabu. Bebeni dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, na kamba ndefu. Mtu akizidiwa na maji, mtupieni dumu lililofungwa kamba mmvute. Msimrukie mikono mitupu, kwani anayezama humzamisha mwokozi.

TWENDE PAMOJA

Tunashauri kila karakana na kila timu ya shambani ifanye hivi. Familia kumi zikubaliane, zichange kidogo kidogo kila mshahara, fedha zishikwe na watu wawili na kuandikwa daftarini mbele ya wote. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, wachague wajumbe wawili, mmoja wao awe mwanamke mwenye watoto, waende kuutazama ufukwe kwa macho: kina cha maji, kivuli, choo, bei, mnyama, njia. Wakirudi watoe taarifa, watu waulize, kisha waamue. Gari moja lililokodiwa na watu wengi kwa kawaida ni nafuu kuliko kila familia kujilipia, na linarudi saa mliyopanga ninyi.

Jambo hili halihitaji nyumba za mapumziko kama zile za Baltiki, wala halingoji serikali. Linahitaji daftari, uaminifu na siku moja ya kiangazi. Wapo wenzetu waliofanya kazi miaka mingi wakiusikia upepo wa ziwa ukiingia dirishani mwa karakana, na watoto wao hawajawahi kuwaona wamekaa chini bila kufanya kitu. Mpeleke mwanao akakuone hivyo, hata mara moja kwa mwaka.

Umoja ni nguvu, na mapumziko ni sehemu ya kazi.